Mama Muhuri na Karani wa Ng'ambo

Shuleni kwetu karani hakuitwa kwa jina lake. Alikuwa Mama Muhuri, kwa sababu muhuri wa shule aliufunga kwa uzi na kuuvaa shingoni, na hata Mwalimu Mkuu akiutaka ilibidi aombe kwa adabu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani yake imeshikizwa kwa waya upande mmoja, na ulimi wake ulikata bila kunolewa. Watoto walimwogopa dakika tano za kwanza tu. Baada ya hapo ungewakuta mlangoni kwake hawana shida yoyote, wamekuja kumsalimia.

Kutoka shuleni hadi mpakani ni nusu saa kwa miguu. Wazazi wengi ni vibarua. Msimu wa miwa wako huku, ukiisha wanavuka kwenda machimbo ya mawe ng'ambo, na watoto wanawafuata. Kila wakivuka, shule inataka karatasi. Asiye na karatasi anarudishwa nyuma.

Siku moja aliletwa binti wa mkata miwa, mrefu karibu awafikie walimu.

"Unasoma la ngapi?" Mama Muhuri akamuuliza.

"La tatu."

"Mbona mrefu hivyo?"

"Nimelisoma mara tatu, mama. Huku mara mbili, kule mara moja. Mkinipa chaki nitalifundisha."

Walimu tuliokuwa pale tulicheka. Mama Muhuri hakucheka. Alivuta karatasi, akaandika barua kwa karani wa shule ya kule, akampa dereva wa lori aiache getini kwa mlinzi.

Jibu lilifika baada ya siku nne, kwa mwandiko uliopambwa kama kadi ya harusi. Binti alifaulu la tatu, tena alikuwa wa pili. Maksi zake ni hizi. Kwenye hisabati mwangalieni, ana haraka ya kujibu. Chini iliandikwa: Karani mwenzako. Kesho yake binti akakaa la nne.

Hapo ndipo ulipoanza urafiki wa barua wa miaka kumi na mmoja. Mtoto akivuka, barua inamtangulia. Simu zilikuwepo, lakini mtandao wa mpakani unaukamata ukipanda juu ya tangi la maji, na Mama Muhuri hakuwa mtu wa kupanda matangi. Waliandikiana. Yeye aliamini kabisa kwamba mwenye mwandiko ule ni mwanamke. "Hakuna mwanamume mwenye subira ya kuizungushia herufi mkia namna hii," alituambia. Kwa hiyo kila barua aliianza, "Dada yangu mpenzi."

Baada ya maksi zikaja habari za nyumbani. Mama yake mzazi alipofariki, alimwandikia dada wa ng'ambo kabla hata ya mazishi. Alipofika ule umri ambao mwanamke anaona joto peke yake chumba kizima kikiwa baridi, alimwandikia huyohuyo, naye akapata ushauri mzuri: avae pamba, apunguze chai, amwambie mume alale upande wa dirisha. Akamfumia sweta la zambarau lenye vifungo vya maua. Akajibiwa kwamba limekaa vizuri sana na kila mtu analisifu.

Kisha serikali mbili zikatia saini makubaliano. Watoto wa wahamiaji wasipoteze darasa kwa kuvuka mpaka, na shule zao ziwekewe umeme wa jua ili kompyuta za kumbukumbu zifanye kazi. Nchi yetu ilitoa kompyuta kwa pande zote mbili. Wenzetu wa ng'ambo wakatoa mafundi. Jenereta letu, lililokuwa likikohoa moshi hadi watoto wa la pili wanafunga madirisha, likasukumwa stoo. Fundi wa ng'ambo alipomaliza kufunga paneli juu ya paa alimwambia Mama Muhuri, "Jua ni hili hili, mama. Mlikuwa mnaanikia nguo tu."

"Shuka kwanza uone nguo zangu ulivyozikanyaga," akamjibu.

Kabla mfumo haujaanza, makarani wa shule zote za mpakani waliitwa kwenye mafunzo ya siku moja, katika ukumbi wa halmashauri. Nilimsindikiza, maana Mwalimu Mkuu alitaka na mwalimu mmoja aende. Mama Muhuri alisuka nywele, akafunga kilo mbili za karanga za kukaanga kwa ajili ya dada yake. Tulipoingia, alianza kukagua wanawake mmoja mmoja.

Akasimama mbele yetu mwanamume wa miraba minne, kipara kinang'aa, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa anatokwa jasho, macho kwenye muhuri wa shingoni mwa Mama Muhuri.

"Samahani," akasema. "Ndimi dada yako."

Mama Muhuri alimtazama juu hadi chini, kisha chini hadi juu. "Sweta je?"

"Analivaa mke wangu. Kweli linasifiwa."

"Na yale mambo ya joto?"

"Nilimuuliza yeye. Nikaandika alivyosema, neno kwa neno."

Mama Muhuri aligeuka akaenda kukaa. Asubuhi nzima aliandika mafunzo bila kuinua kichwa, na mimi niliyemzoea niliogopa kuliko kama angefoka. Wakati wa chakula yule bwana alimfuata na sahani yake.

"Barua ya kwanza uliponiita dada, nilisema nitakusahihisha ijayo," akasema polepole. "Ile ya pili ukaniandikia mama hayupo. Ukasema, dada yangu, wewe utanielewa. Ningeanzia wapi?"

Mama Muhuri alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, na kidogo alikuwa analia, lakini zaidi alikuwa anacheka, hadi watu wa meza ya pili wakageuka.

"Kumbe miaka yote nimekuwa namsimulia wifi yangu," akasema. "Kula karanga hizo, na umpelekee."

Mchana ofisa alionyesha fomu mpya kwenye ukuta. Ilipendeza sana. Lakini sehemu ya cheti cha uhamisho ilikuwa lazima ijazwe. Bila cheti, kompyuta haikubali kuendelea. Mama Muhuri akanyoosha mkono. Kabla hajaitwa, yeye na yule bwana wakasema kwa sauti moja, "Hapana."

"Hawa watoto wanahama na sufuria kichwani," Mama Muhuri akasema. "Cheti kiko wapi?"

"Sheria ndogo iko wazi, mama," ofisa akajibu.

Karani wa ng'ambo alitoa daftari kwenye mkoba. Mama Muhuri naye akatoa lake. Waliyaweka mezani wakayafungua pamoja. Watoto mia tatu na kumi na wawili, jina huku na jina kule, darasa, maksi, tarehe ya kuvuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti. Hakuna aliyepoteza mwaka. Ofisa alifunua kurasa, akamwita bosi wake, naye akamwita mwenzake wa nchi ya pili, wakainama juu ya madaftari yale saa nzima huku chai ikipoa.

Fomu ilibadilishwa. Mtoto anaandikishwa siku anayofika, kwa neno la karani aliyemjua, na karatasi zinafuata ndani ya siku tisini.

Sasa miaka miwili imepita. Paneli zinatutosha, isipokuwa wiki za mawingu mazito, ambapo Mama Muhuri anawafukuza walimu wanaokuja kuchaji simu. "Umeme wa watoto huo!" Likizo ya mwaka jana alivuka mpaka na mumewe, wakakaa siku tatu kwa wifi yake, na alirudi anatusimulia habari za nyumba ile kana kwamba alizaliwa humo.

Jumatatu iliyopita alikuja mama mmoja kutoka machimboni, vumbi bado kwenye nyusi, akimshika mkono mwanawe wa kiume. Alianza kueleza kwa nini hana karatasi. Mama Muhuri akamwonyesha kiti na jagi la maji, akaandika jina la mtoto, akasubiri kumbukumbu za ng'ambo zifunguke, akaigeuza kompyuta ili wote waone.

"La sita," akasema. "Maliza maji yako, mama. Mwanao ameshachelewa kipindi cha sayansi."