Hedi Niliyoipogolea Kama Mbuni

Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana wa ndevu tatu za kuhesabu, niliitoboa injini ya baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mwanangu, usicheke bado. Kicheko kikianza mapema huishia njiani, kama pikapu yake ile.

Umeniandikia kwamba umeona kwenye simu jinsi watu wanavyopanua njia za hewa kwenye hedi, kile kichwa cha injini, nawe unataka kuifanya kazi hiyo hapo nyumbani. Umeniuliza mimi, mtu ambaye safari yake ndefu siku hizi ni kutoka kitandani hadi bandani. Basi vuta kigoda.

Sisi wa Mbozi ni watu wa kahawa. Baba alinifundisha kupogolea mibuni kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Unapunguza matawi ya ndani ili hewa ipite. Mbuni ukipumua, unazaa. Sasa dereva mmoja wa lori, pale Mpemba, akaniambia injini nayo ni pumzi tu: ipanulie njia, itapanda mlima kama mbuzi. Nami, kidato cha nne mzima, niliyepata C ya fizikia na kutembea kama mwenye A, nikaona kazi yenyewe naijua. Si kupogolea tu?

Dada yangu Tumaini alikuwa anaolewa Jumamosi, kanisani Tunduma, na pikapu ya baba ndiyo ingempeleka. Nikataka ipande vilima kwa heshima. Jumatano, baba akiwa shambani, nikaifungua hedi, nikaiweka juu ya meza ya mama ya kukandia unga, nikashika drili yenye jiwe la kusagia. Nikasaga. Nikitia kidole naona bado pembamba, nasaga tena. Ndani kukang'aa kama sufuria siku ya kuja wakwe. Alhamisi mchana jiwe likazama ghafla. Nikachungulia: kitundu kama punje ya mtama, na nyuma yake ni njia ya maji yanayopoza injini.

Hapo ndipo pa kusema, mwanangu. Mume wa jirani yetu, Mama Ezekia, alikuwa na gari zima limeegeshwa ng'ambo ya ua. Tungelipata kwa neno moja. Lakini mficha uchi hazai, nami niliuficha kwa gundi ya chuma. Nikaziba, nikapiga msasa, nikairudisha hedi mahali pake kabla baba hajauliza mbona meza inanuka oili. Ijumaa nikaiwasha uani, ikanguruma kama paka aliyeshiba.

Jumamosi ilipanda kilima cha kwanza kama mbuzi kweli, nikatoa kifua nje. Kilima cha pili injini ikapata moto, gundi ikaachia. Moshi mweupe, kikohozi, kimya. Tumaini akashuka na shela lake, akasimama kando ya barabara akipungia magari mkono. Lori la kwanza kutuonea huruma lilibeba pumba. Bibi harusi akapandishwa juu ya magunia! Tulifika saa mbili nyuma ya wakati, shemeji zetu wa Nakonde wameshaanza kuulizana kama tumeghairi, na shela lote ni pumba.

Baba hakunipiga. Jumatatu alinipeleka shambani, akanipa mkasi, tukapogolea mistari miwili. Kisha akasema, "Mbuni ukiukosea, utachipua. Chuma hakichipui. Anayekisaga hupunguza kidogo, hutazama sana." Akakata tawi jingine. "Lakini tundu ningekusamehe Alhamisi ile ile. Ijumaa nzima umekula ugali na dada yako, unamtazama usoni. Hiyo sijui nitaizibaje."

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kusaga, saga. Sikukatazi, mkatazwaji husaga akijificha. Anza na hedi mbovu ya kwa wauza chuma chakavu, ikate katikati, uone ukuta wa njia ya maji ulivyo mwembamba. Kwenye nzima, lainisha vile vinundu vya kiwandani na uishie hapo. Mahali valvu inapokalia usipaguse kabisa. Ukimaliza, mpelekee fundi aipime kwa maji kama inavuja, kabla hujaifunga. Na ukitoboa, maana hata mkono mzuri hutoboa, sema siku hiyo hiyo, wakati gari la jirani bado limeegeshwa. Mungu akupe mkono wa pole kwenye chuma na ulimi wa haraka kwenye kosa, na kila unayembeba afike akiwa safi.

Nilidhani nimemaliza. Nikamsomea barua hii Mama Ezekia, ambaye sasa ni mzee mwenzangu na bado tunatenganishwa na ua ule ule. Alisikiliza hadi mwisho huku akipeta maharage, kisha akasema:

"Umeruka pale Tumaini alipokuuliza Ijumaa, mimi nikimsuka nywele, kama gari ni zima, ukamjibu ni zima kuliko mchungaji. Andika na hiyo, mzee."