Dakika za Baada ya Somo

Mwalimu wa piano anayekaa ghorofa ya juu yangu alisomea muziki miaka mingi, akapiga kwenye kumbi za watu waliovaa tai, na sasa anafundisha watoto ambao miguu yao haifiki sakafuni. Majirani tunamwita Moja-na-Mbili, maana ndivyo anavyohesabu mchana kutwa. Kwenye mambo ya saa hana mchezo. Mtoto akichelewa anakuta mlango umefungwa, na mzazi anapata ujumbe kwenye simu kwamba muda wa mtu ni mali yake. Mimi niliupata kwa ajili ya binti yangu, na bado haujanitoka rohoni.

Aliyesalimika ni mmoja tu, mama muuguzi, ambaye kila Alhamisi alichelewa kumchukua bintiye mdogo. Hakukaripiwa hata siku moja. Wakimsubiri, mtoto alipiga noti tatu alizozijua, na mwalimu, bega kwa bega naye, alipiga sehemu ya chini kwa vidole vyote kumi, mpaka zile noti tatu zikawa muziki wa kweli. Mtoto alidhani ufundi wote ni wake. Niliwasikia wakicheka. Jioni nyingine zote kule juu kinachosikika ni bomba la maji tu. Mwalimu hana mume, ndugu zake wako mbali, na mwanamke yule ni mpweke, tusizunguke mbuyu.

Kumbe yule mama alikuwa anaona haya. Sifa za mwalimu zilikuwa zimemfikia, akahangaika hadi akabadilishana zamu kazini. Alhamisi iliyofuata somo liliisha naye yuko mlangoni, mimi nikifagia ngazi. Aliomba radhi kwa yote ya nyuma. Mkono wa mwalimu ulikuwa ungali begani kwa mtoto.

"Mama, wewe chelewa tu. Mimi sina neno."

Yule mama akainamisha kichwa, akacheka kwa aibu. "Mwalimu, usinipige vijembe jamani. Nimekosa. Sitachelewa tena."

Mwalimu akamfunga mtoto vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akawaaga.

Walipokuwa wakishuka, mtoto aliuliza mbona leo hawakupiga pamoja. Mama yake akamwambia mwalimu amechoka, wamwache apumzike.