Mama Aliyeenda Nakonde

Enesi hakuwa mpole, na wanaodhani mtoto wa kambo hulelewa kwa upole hawajawahi kukaa na Ruti. Mtoto wa miaka minane, lakini anang'ata. Anavunja vyombo. Ukimwambia aoge, anapiga mayowe mpaka majirani wanatoka nje na miiko mikononi. Kanisani akina mama walimwombea hadi sauti zikawakauka, naye akawazomea. Tena Ruti alimwita mama yake wa kambo kwa jina, Enesi, hivi hivi, kama anayeita muuza nyanya. Watu walishika vichwa. Enesi aliwaambia hilo ndilo jina alilopewa na baba yake, yeye haoni tusi liko wapi.

Kilichowachosha wote ni kutoroka. Enesi aliuza maharage sokoni Tunduma, na kila alipokwenda kuyanunua Mlowo alisimama mlangoni akaaga, "Ruti, naenda Mlowo, nitarudi." Jibu lake lilikuwa kandambili ya kichwa. Akishaondoka tu, mtoto naye huyo, anapenya kati ya malori yaliyopanga foleni mpakani, anaibukia Nakonde, upande wa Zambia. Baba yake, Hezron, fundi wa matairi, alimfuata, akamrudisha, akamchapa, kisha akajificha uani kulia. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake haukumsaidia mtu.

Dada yake Hezron, Nesta, ndiye aliyekata shauri.

"Wifi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Jumamosi nakuja kumchukua. Kuna mama wa maombi huko milimani Ileje, anawanyoosha watoto wa namna hii. Anawafunga kamba mpaka pepo litoke."

"Kamba?"

"Wewe unahangaika nini? Mama wa kambo si mama."

"Mimi sijui ni nani, wifi, lakini mtoto huyu hafungwi kamba nikiwa hai."

Hezron alikuwa amekaa pale pale, akikwangua kucha zake. Hilo lilimuuma Enesi kuliko maneno ya wifi. Usiombe kupigana vita huku mwenzako anakwangua kucha.

Jumatano Enesi aliaga kama kawaida, akapigwa kandambili kama kawaida, lakini Mlowo hakwenda. Alijibanza nyuma ya kibanda cha chipsi, na Ruti alipochomoka akamfuata kwa mbali. Alitegemea kumkuta na wahuni, au anaokota vyuma chakavu. Hapana. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwa wauza vitenge, akasimama meza ya kwanza, kisha ya pili, ametulia, mikono nyuma, mwenye adabu ambayo Enesi hajawahi kuiona. Kila meza aliuliza jambo, na kila mama alitikisa kichwa: "Awe, mwana." Hapana, mwanangu.

"Kila mara anakuja," muuzaji mmoja alimweleza Enesi baadaye. "Anamtafuta mama yake. Anasema alikuja kununua vitenge."

Mama yake Ruti alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita.

Enesi alimkuta Hezron kibandani kwake, amepiga magoti mbele ya gurudumu. "Nani alimwambia mtoto mama yake yuko Nakonde?"

Hezron aliweka spana chini. "Siku ya msiba tulimwacha kwa jirani, tukasafirisha mwili kwetu Isansa. Tulimwambia mama ameenda Nakonde kununua vitenge, atarudi. Mtoto mdogo haambiwi kifo. Wote wanaambiwa hivyo."

"Nakonde, Hezron! Mtu anakwenda asubuhi, mchana yuko nyumbani anakula! Sasa huyu kamsubiri miaka miwili, halafu napita mimi mlangoni, napika kwenye sufuria ya mama yake, nalala chumbani kwake. Mimi kwake si mwizi ni nani?" Alikuwa anapiga kelele, na hakujali nani anasikia.

Alipotangaza kumpeleka Ruti kaburini, Nesta alipiga simu kupinga. Mwiko, mtoto hapelekwi makaburini. "Basi nauvunja mimi," Enesi akajibu. "Laana ikija, ielekeze kwangu, nyumbani unapajua."

Ijumaa walikwenda Isansa, Hezron akapanda gari bila kuitwa. Kaburi lilikuwa kando ya shamba la kahawa. Enesi akachuchumaa.

"Ruti, mama yako alikufa. Amelazwa hapa. Hakwenda Nakonde. Watu wazima tulikudanganya."

Mtoto alimtazama, kisha akamrukia akamng'ata mkono. Enesi hakuuvuta. Meno yalipoachia ndipo kilio kilipotoka, kilio cha msiba chenyewe, na Hezron akapiga magoti akalia pamoja na binti yake, safari hii mbele za watu.

Usidhani Ruti alipona. Jioni ile ile alivunja sahani zote zilizobaki. Enesi akanunua za plastiki.

Jumamosi Nesta alifika na begi tupu. Aliziona sahani kwenye ndoo ya taka, akauona mkono wa Enesi uliofungwa kitambaa. "Si nilisema?" Enesi alisimama mlangoni, miguu ameitanua, na kwa mara ya kwanza Hezron akaja kusimama ubavuni kwake.

"Dada, mtoto haendi," akasema.

Nesta akainamisha kichwa, akamwita Ruti kwa sauti ya asali, kupitia katikati yao. "Njoo, mwanangu. Twende Ileje. Mama yako anakungoja huko."

Ruti alitoka chini ya meza alikokuwa amejificha. Hakupiga mayowe.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Yuko Isansa, kwenye kahawa." Kisha akaushika ule mkono uliofungwa kitambaa. "Huyu ni Enesi. Akienda Mlowo, anarudi."