Mlango Aliotokea Marnie

"Najua kila mtoto anayevuka barabara ile, na najua mlango aliotokea asubuhi."

Hayo aliyasema Glenys Ackroyd mbele ya watu sitini, kwenye ukumbi wa kanisa, siku wagombea udiwani walipokuja kuomba kura. Alikuwa bado na koti lake la kazi, la manjano kama limau lililokasirika. Jukwaani, mgombea mmojawapo, Duncan Whitlock, alikuwa ndiyo kwanza amalize kusema kwamba kila mtoto wa mji huu apate nafasi sawa. Duncan walimpigia makofi ya adabu. Glenys walimpigia mpaka miguu sakafuni.

Glenys ni mvushaji wa watoto. Miaka ishirini na miwili anasimama Mill Road na kibao chake cha mviringo, na malori yanafunga breki kwa ajili yake. Kazi yenyewe ni dakika arobaini asubuhi na arobaini alasiri. Muda unaobaki anashuku watu. Mimi nakaanga samaki duka la ng'ambo ya barabara, kwa hiyo shuku zake zote nimezisikia, zikiwa na chumvi na siki.

Anachoshuku hasa ni anwani. Sekondari ya Beaconfield, pale juu, ni ya serikali, haina ada, na ndiyo maana watu wanaikodolea macho. Wanaoingia ni wanaokaa karibu. Halmashauri inapima kutoka mlango wa nyumba hadi lango la shule, na mwaka jana nafasi ziliishia mita mia tisa na kumi na mbili. Mwenye mita mia tisa na kumi na tatu akalale. Basi wenye nazo wanapanga chumba cha karibu miezi sita, wanaandika anwani, mtoto akishapata nafasi wanarudi kwenye majumba yao. Glenys anawanasa kwa soksi.

"Siku ya mvua," aliniambia, "mtoto anayetembea analowa. Huyu soksi kavu, halafu ati anakaa mtaa wa tatu? Kashushwa na gari pale konani."

Anaijulisha halmashauri, jina haweki. Mwaka jana familia tatu zilinyang'anywa nafasi.

Sasa mjukuu wake. Marnie ana miaka kumi na mmoja, anamalizia shule ya msingi ya hapa Mill Road, na fomu yake ya Beaconfield ilisema anakaa kwa bibi, mita mia nne tu. Ukweli ni kwamba anakaa na mama yake, Joanne, ng'ambo ya mto, na kwa bibi analala Ijumaa na Jumamosi. Huko ng'ambo sekondari ipo. Imebadilisha walimu wakuu wanne kwa miaka mitatu, na jina mara mbili. Barua ya Beaconfield ilipokuja mwezi wa tatu, Marnie amepata, Glenys alinunua koti la shule siku hiyohiyo, la kijani kibichi, nembo kifuani, akashona jina ndani na kulitundika jikoni.

Nilimuuliza, "Bibi Glenys, na hilo si lilelile?"

"Lilelile nini? Yule ni damu yangu. Wale wanakodi anwani, mimi ninayo yangu. Tia siki, acha maswali."

Mtoto wa Duncan, Felix, naye alipata Beaconfield. Anwani yake ni chumba kilicho juu ya duka letu. Na mji mzima unaijua nyumba ya Duncan ya mawe, ile yenye gereji mbili, kule juu kwenye hewa safi.

Glenys akaanza kuhesabu mapipa. Hapa kwetu mtu anaweza kuficha dini, maradhi na mume, lakini pipa lake la taka lazima litoke nje Jumanne.

"Wiki ya tano hii, mwanangu. Pipa la juu halijatoka. Mtu asiyetoa taka haishi hapo."

"Mbona nasikia nyayo juu?"

"Panya."

"Panya anayesikiliza taarifa ya habari?"

"Panya wa Duncan wamesoma."

Akapeleka taarifa. Safari hii aliweka jina, makofi ya ukumbini yalikuwa bado yanamlia masikioni.

Afisa wa halmashauri alikuja, Bi Pritchard, mwanamke mpole mwenye viatu visivyo na sauti, na watu wa aina hiyo mimi siwaamini. Alipanda juu, akakaa nusu saa. Aliposhuka, Duncan alimfuata peku mpaka dukani, akatueleza mwenyewe, uso umemwiva: mkewe alimtoa nyumbani tangu Desemba. Anaishi hapo kweli, na Felix wake. Taka zake alikuwa akizitia kwenye pipa letu la nyuma, wapiga kura wasije wakaona pipa la mwanamume asiye na mke wakaanza kuuliza. Ile mifuko nilikuwa nikiiona. Hakuna aliyeniuliza.

Wazee wa kike walimhurumia. Uchaguzini alishinda kwa tofauti ya kura thelathini na moja.

Ijumaa iliyofuata Bi Pritchard alirudi, safari hii dukani kwetu. Foleni ilifika mlangoni, Glenys mbele, na diwani wetu mpya nafasi ya tatu.

"Bi Ackroyd, tumepata taarifa nyingine. Haina jina. Inahusu nyumba yako."

Glenys akaurudisha kaunta uma wa mbao aliokwisha kuuchukua.

"Nilikuwepo ukumbini siku ile," afisa akaendelea, taratibu. "Ulisema unajua kila mtoto na mlango aliotokea. Marnie leo asubuhi alitokea mlango gani?"

Angeweza kusema "wangu". Lakini kituo cha basi kiko hatua kumi kutoka anaposimama, na nusu ya foleni ile ina macho. Akamtazama Duncan, aliyekuwa anasoma ubao wa bei kama mtihani. Akanitazama mimi.

"Wa basi," akasema. "Namba saba. Saa mbili na robo."

Bi Pritchard akaandika.

"Pole, Glenys," Duncan akasema. "Utaratibu wenyewe hauna haki."

"We diwani nyamaza. Kapeleke taka zako."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

Mpaka leo hajui nani aliandika. Anamshuku Duncan, anazishuku zile familia tatu, anamshuku hata Joanne, ambaye uongo ule haukumshuka kooni tangu mwanzo. Na kila Ijumaa ananishuku mimi. Namwambia diploma ya chuo ilinishinda katikati, fomu ya taarifa ningeimaliza vipi? Ananitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Septemba Marnie alianza shule ya ng'ambo ya mto. Glenys bado anasimama Mill Road, watoto wa makoti ya kijani wanavuka, soksi hazitazami tena. Duka la sare lilikataa kurudishiwa koti kwa sababu lilishashonwa jina. Akalifumua jina uzi kwa uzi, akalipeleka koti duka la hisani, lile la mitumba karibu na maktaba. Liko dirishani, halijavaliwa hata siku moja. Pauni sita.