Mti Uliovalishwa Chai

Ile pampu ya mgongoni ilikuwa na kamera kwenye ncha ya mpini, na inanyunyiza pale tu inapoona magugu. Nilikubali kuijaribu kwa sababu hiyo moja. Maisha yangu yote nimelipa vibarua wamwage dawa hata juu ya mawe. Muuza dawa wa Ndanai alitaka alipwe kwa ekari, mimi nikataka kulipa kwa dawa itakayotumika. Tulivutana hadi chai ikapoa. Alipoanza kutaja karo ya watoto wake, nikajua nimeshinda.

Msichana aliyeileta alikuwa mtu wa upande wa ziwa, simu imefungwa kifuani. Alisema mashine imefundishwa kwa picha: inajua mchai mchanga, na inajua kisicho mchai.

"Na hicho cha pili?"

"Kinakufa, mzee."

Mama yangu alikuwa kwenye ua akisikiliza. Akashika njia ya shambani.

Kule chini, katikati ya michai, kulikuwa na mti wake wa senetwet, umefika magotini. Kijiti cha mti huo huchomwa ncha, mkaa wake ukasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kugandisha maziwa. Mingine yote tuliing'oa tulipopanda chai. Binti yangu alikuwa anaposwa mwezi uliofuata, na mama alishasema wageni wa posa kutoka Longisa hawatanyweshwa maziwa ya pakiti katika boma lake.

Msichana alipoivaa pampu na kuanza kunyunyiza, mimi nilikuwa nahesabu mistari, mara ya pili. Pampu ilipiga fss, ikanyamaza, ikapiga tena. Ilipofika kwa senetwet, ikanyamaza. Msichana akainama. Mti ulikuwa umefungwa matawi ya chai kuanzia chini hadi juu, kwa kamba za mgomba.

"Kogo," akamwita mama, kama bibi zetu wanavyoitwa, "umedanganya mashine."

"Sijasema nayo. Nimeuvalisha tu. Hata bibi harusi huvalishwa."

"Gunia lingetosha," nikamwambia.

"Gunia zima liko na mahindi. Unataka niyamwage?"

Msichana hakucheka sana. Picha ilikuwa imeingia kama chai, na mashine ingeharibika akili. Akaomba mti uvuliwe aupige picha upya. Mama akakataa mpaka dawa iishe kwenye tangi, akatazama ndani mwenyewe.

"Sasa niandike ni chai au ni magugu?" msichana akauliza, simu mkononi.

"Ni wangu."

Kwenye simu hapakuwa na nafasi ya jibu hilo. Ikabidi afungue nafasi mpya.

Wiki mbili baadaye pampu ilirudi, ikiwa imefundishwa upya. Mama alisimama kwenye mstari ule na matawi ya chai kwapani, tayari. Pampu ikapita kimya.

"Irudi," akasema.

Ikarudi, ikapita kimya tena. Akayatupa matawi, akaenda kutafuta panga, akakata kijiti kimoja cha kibuyu.