Kimya cha Mashine Kule Timau

Asubuhi tuliyorudi kuijaribu mashine yetu ya kutafutia mabomu ya ardhini kule Timau, kaka yangu mkubwa alikuja kutazama. Alikuwa ametoka Mikinduri, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni, mguu wake wa bandia ukizama kwenye matope. Ule wa kweli aliupoteza nchi jirani, akifanya kazi ya kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mimi nilisomea fizikia ya nyuklia kwa sababu ya mguu huo, ingawa sikuwahi kumwambia.

Katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, tulikuwa tumefukia mikebe ya plastiki yenye nta badala ya baruti. Mashine ilirusha nyutroni, chembe ndogo mno za atomi, ardhini. Zikigonga haidrojeni, iliyojaa kwenye plastiki, nta na baruti, hupungua kasi, nyingine hurudi juu, na mashine hulia. Juma lililotangulia, udongo ukiwa mkavu, iliipata mikebe yote. Kisha mvua ikanyesha siku mbili, na maji nayo yana haidrojeni. Sasa ililia kila mahali. Nikapunguza ukali wake. Ikanyamaza kabisa, hata juu ya mkebe niliofukia kwa mikono yangu.

"Na pale?" kaka akauliza, akielekeza fimbo mbele. "Pale pia imenyamaza. Ingekuwa kazi ya ukweli, ungekanyaga?"

Nilijua pale hapakuwa na kitu. Ramani ya mikebe ilikuwa mfukoni mwangu. Hata hivyo nilikazakaza waya ambao haukuwa umelegea, nikaenda hadi kwenye gari, nikarudi mikono mitupu.

"Nangoja jibu, Prof."

"Singekanyaga," nikasema.

Hakucheka. Aliniambia kwamba siku ile kifaa chao pia kilikuwa kimya, na msimamizi wao alikuwa na haraka. Miaka yote hiyo hakuwa amenieleza. Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Mkuu wa mradi alitaka ripoti ya siku kavu pekee. Niliandika siku zote mbili. Akaninunia mwezi mzima. Siku hizi tuko Kianjokoma, ambako udongo haukauki upesi, tukipima unyevu kwanza kabla ya kuwasha chochote. Bado hatujafaulu. Kaka hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani kuuliza tumefika wapi, nami humjibu nikizungukazunguka uani, siwezi kuketi.