Muuza Mirehani Asiyemsemesha Jirani Yake

Saa moja asubuhi, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, sokoni Porto, nchini Ureno, na Dona Felismina Sarmento tayari amemgombeza mteja wa kwanza.

"Toa pua hapo, mpenzi wangu! Unataka kuniulia?"

Mteja, mama wa Kibrazili aliyevaa kofia pana ya jua, anaruka nyuma. Alikuwa ameinamia chungu cha mrehani anuse. Porto nzima inajua kwamba mrehani haunuswi kwa pua. Unaweka kiganja juu yake taratibu, kisha unanusa kiganja. Ukiusogezea pua, unanyauka.

"Hivi," anasema Felismina, akimshika mgeni mkono na kuupitisha juu ya majani. "Umeona? Sasa harufu ni yako mpaka jioni, na sijakutoza hata senti."

Mama huyo, aliyejitambulisha kama Jacira, anacheka na kununua vyungu viwili. Kila chungu kina kibendera cha karatasi chenye shairi la mistari minne. Mashairi hayo Felismina huyaandika mwenyewe kila mwaka kuanzia Januari, na mengi yanawasuta waume wavivu. Mumewe, anasema, aliyasoma yote na hakuwahi kujitambua.

Felismina ana miaka sitini na saba, ni mfupi, na sauti yake inasikika hadi kwa wauza samaki. Ameuza maua katika soko hili kwa miaka arobaini na mmoja. Leo ana vyungu mia tatu, kila kimoja euro tano, na lazima viishe leo. Kesho hakuna atakayevitaka hata bure. Pensheni yake ni euro mia nne na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo siku hii moja ndiyo inayolipia kuni za majira ya baridi.

Lakini wageni wengi hawamfuati kwa ajili ya maua. Wanamfuata kuuliza wanunue wapi.

"Sabuni?" anamjibu Jacira. "Panda ngazi nyuma ya kanisa, mlango wa kijani. Sadini za kopo, nenda kwa yule mama anayezifunga kwenye karatasi kwa mkono. Ana kiburi, mvumilie. Kitambaa cha meza, nenda dukani na picha ya meza yako, la sivyo utauziwa shuka. Na kule chini mtoni usinunue jogoo wa udongo wa ukumbusho, mwanangu. Wale jogoo wote ni ndugu, wametoka kiwanda kimoja na hawajawahi kuiona Ureno."

Hapokei hata senti kwa ushauri huo. Namuuliza kwa nini, kalamu mkononi.

"Mtu akinunua kitu kibaya Porto, kwao atasema Porto ni pabaya. Mimi nitalala?"

Kuna kibanda kimoja tu ambacho jina la mwenyewe halitamki kamwe. Kiko mbele yake, hatua nne tu. Anayeuza mboga pale ni Deolinda Quintela, mwanamke mrefu wa miaka sabini na mmoja, na wawili hawa hawajasemeshana kwa miaka tisa. Mkesha kama huu, miaka tisa iliyopita, mirehani arobaini ya Felismina ilinyauka kabla ya saa nne, naye akatangaza mbele ya soko zima kwamba Deolinda ameinusa kwa pua. Hapo kabla walikuwa wakila chakula cha mchana kwenye sahani moja.

La ajabu ni kwamba hawakuacha kupelekeana wateja. "Nenda kwa mwenye aproni ya bluu," Felismina husema. Deolinda naye husema, "Maua yako kwa yule mwenye mdomo."

Jumamosi hii Deolinda anafunga kibanda. Magoti yamemshinda, na anahamia kwa binti yake ng'ambo ya mto. Felismina ameniambia haya akikata nyuzi za vibendera, bila kuinua macho.

"Nisiposema naye leo, sitasema naye tena. Najijua. Mguu wangu ni mzito."

"Basi nenda sasa hivi."

"Wewe mwandishi, andika. Usinifundishe kutembea."

Jacira anarudi kuuliza yanapopatikana mashina marefu ya kitunguu saumu yenye maua, yale tunayopigana nayo vichwani kwenye sikukuu.

"Kwa mwenye aproni ya bluu," anasema Felismina. "Hakuna mazuri kuliko ya pale."

Jacira anakwenda. Anarudi mikono mitupu.

"Amekataa kuniuzia. Anasema aliyenituma aje mwenyewe."

Mkasi wa Felismina unasimama. Muuza jibini wa jirani anazima redio. Felismina anajifuta mikono, anavua aproni, anaivaa tena, kisha anavuka. Mimi niliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa namfuata na daftari langu.

"Nani huyo?" anauliza Deolinda, akipanga karoti. "Umenenepa."

"Na wewe umezeeka. Nipe mashina mawili."

"Ya kumpiga nani?"

"Ya kunipiga mimi." Felismina anamwinamishia kichwa. "Deolinda, ile mirehani niliiacha mwenyewe kwenye gari jana yake, mchana kutwa, madirisha yamefungwa, jua la Juni. Nilijua jioni ile ile. Nikaona aibu, na aibu ikazoea kukaa."

"Nilijua kwamba unajua. Gari lako lilinuka mrehani mpaka Septemba."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja, mpumbavu wewe. Miaka tisa! Ungechelewa kidogo ungeniambia jenezani." Deolinda anatafuta leso mfukoni asiipate, anajifuta kwa aproni. "Halafu mmoja niliunusa. Kwa pua. Ulikuwa unanukia vizuri sana."

"Shetani mkubwa wewe!"

Wanakumbatiana juu ya karoti, na karoti zinamwagika. Soko linapiga makofi, Jacira analia kwa furaha na watu asiowajua. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Kufikia saa saba mchana vyungu vimeisha vyote. Wanakula sadini za kuchoma na mkate wa mahindi kutoka sahani moja, wakigombania limau. Felismina ananinong'oneza mpango wake. Anataka Deolinda avuke daraja kila Ijumaa, aketi kwenye kibanda cha maua awaelekeze wageni madukani, huku yeye Felismina akiuza. Anaogopa kumwomba. Atakataa, anasema, atasingizia magoti.

Anafuta vidole polepole. Kisha mwanamke anayeujua kila mlango wa duka katika mji huu anamgeukia mwenzake.

"Deolinda, nataka kununua kiti. Cha mtu mwenye magoti mabovu. Niende wapi?"

Deolinda anatafuna, anatema mwiba.

"Kwa Belmiro, nyuma ya stesheni. Chukua chenye mikono, mtu aweze kushikilia akiinuka." Anachukua kipande cha mwisho cha mkate. "Na kisiwe cha njano. Njano siipendi."